Nimeenda na bega, naulizwa naota nini: kuielewa akupancha ya Kidao

Bega la kulia lilikuwa limenikaba karibu miezi minne. Nilikuwa Uingereza, nafanya shifti za usiku kwenye ghala la mizigo, vidonge vya maumivu vimeshaanza kunichoma tumbo, jamaa mmoja pale kazini akaniambia nenda kwa yule mzee wa sindano, nikaenda. Nilichotegemea ni kuvua shati, kuchomwa, kulipa, kuondoka. Yule mzee (Mwingereza, wala sio Mchina) akanishika mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa na kukaa kimya mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya dari, akahamia mkono wa kulia hivohivo, akasema nitoe ulimi, akaniangalia usoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, alafu swali lake la kwanza likawa: siku hizi unaota nini? Nikamwambia mzee, bega. Akacheka, akarudia swali.

Lilinikera kidogo lile swali, ila ndo lililonifanya nianze kusoma hivi vitu. Nikagundua kwamba wengi wetu tukisikia akupancha, yaani hii tiba ya kuchomwa sindano, tunatia vitu vitatu kwenye kapu moja. Kuna sindano yenyewe, kipande cha chuma kinachoingia kwenye ngozi, kitu unachoweza kukipima kama unavyopima dawa nyingine yoyote. Kuna tiba ya Kichina ya kisasa, ya vyuo na mahospitali ya serikali, ambayo madaktari wa Kichina wamekuja nayo mpaka kwetu, Zanzibar toka 1964 na Tanzania bara toka 1968. Alafu kuna hii ya tatu, inayosema sindano hailengi ugonjwa, inalenga roho ya mgonjwa, na yenyewe inajiita ya Kidao. Hii ya tatu ndo nataka tuifumue, maana wanaoisifu wanaipaka mafuta mpaka inateleza haishikiki na wanaoiponda hata hawajui wanaponda nini.

Tuanze na neno. Dao ni njia, ile ya kawaida tu ya kupita, na wengine wanaandika Tao ila ni kitu kilekile. Laozi, mzee ambaye wanahistoria bado wanabishana kama aliwahi kuishi kweli, ndo anayetajwa kama baba wa fikra hizi, na hoja yake kubwa ni kwamba ulimwengu una mwendo wake na shida zetu nyingi zinaanza pale tunapotaka kuuburuza. Mfano anaoupenda ni maji. Hayapigani na jiwe, yanazunguka, yanashuka sehemu za chini ambazo watu hawataki kukaa, na bado jiwe ndo linaloisha. Hapo ndo linapotoka lile neno wu wei, ambalo hutafsiriwa kutotenda, tafsiri iliyowafanya watu wadhani hawa jamaa walikuwa wavivu wa kulala chini ya mti, kumbe ni kutenda bila kulazimisha, kama nahodha wa jahazi ambaye hasukumi upepo, anageuza tanga. Baadae, kuanzia karne ya 2, Udao ukawa dini kamili yenye makuhani, mahekalu, miungu na hirizi, kwa hiyo mtu akikwambia tiba yangu ni ya Kidao una haki ya kumuuliza Udao upi, wa Laozi na maji yake au wa hekaluni, kwa sababu akupancha imechota kote kuwili.

Kinachounganisha pande zote ni jinsi wanavyouona mwili. Kwao mwili sio gereza la roho, wala roho haisubiri kufunguliwa ikimbie. Mwili ni nchi ndogo yenye milima, mabonde, mito, chemchemi, na wakazi wake. Ukisoma majina ya vitobo vya akupancha, zile sehemu zinazochomwa sindano, na vya asili vilivyohesabiwa ni 361, unaona kama mtu anakusomea ramani: katikati ya kidole gumba na cha shahada kuna Bonde la Makutano, chini ya wayo kuna Chemchemi Inayobubujika, utosini kuna Mikutano Mia. Vitabu vingi vya kisasa vya Kizungu vinatanguliza herufi na namba kuliko majina haya, rahisi kukariri kwa mtihani, ila umeshaipoteza nusu ya stori.

Sasa kwenye hiyo nchi kuna kitu kinatembea, wanakiita chi. Wengi wanatafsiri kuwa ni nguvu au enerji na hapo ndo mtu anaanza kufikiria umeme na betri, picha ambayo inapotosha. Herufi yenyewe ya zamani ya Kichina ina alama ya mvuke kwa juu na mchele kwa chini. Basi fikiria sufuria ya wali, maji yamekaribia kukauka, umefunika, mfuniko unacheza kidogo pembeni. Ule mvuke sio mchele, sio maji, sio moto, huwezi kuukata na kisu, lakini ukifunua mapema ukautoa wote wali unabaki na kiini. Hiyo ndo chi. Na ipo katikati ya vitu viwili vingine. Chini yake kuna jing, akiba uliyozaliwa nayo, ya mifupa na uzazi, na juu yake kuna shen, ambayo ndo wanaitafsiri roho. Walimu wao wanapenda mfano wa mshumaa, mimi naona koroboi inaeleweka zaidi kwetu: mafuta ndo jing, mwali ndo chi, mwanga unaojaza chumba ndo shen. Mafuta yakiisha hamna mwanga, ila pia mafuta yanaweza kuwa tele na mwanga ukawa hafifu kwa sababu utambi umejaa masizi, na kazi ya mtu wa sindano, kwa mtazamo huu, ni kukata masizi.

Sa hapa kwenye shen ndo fundo lilipo. Sisi tukisema roho tunamaanisha kitu kimoja, kinachotoka mtu akifa na kurudi kwa aliyekiumba. Wao wana roho tano kwenye mwili mmoja na kila moja ina kiungo inachokaa. Moyoni anakaa shen mwenyewe, mfalme, ndo ule mng'ao wa macho unaouona kwa mtu akiwa na sisi kweli na usiouona kwa mtu ambaye mwili upo ila mwenyewe hayupo. Kwenye ini anakaa hun, roho ya ndoto na ya kuona mbali, na mtu akifa huyu anapanda juu. Kwenye mapafu anakaa po, roho ya mwili hasa, ya pumzi na ngozi na kushtuka, huyu mtu akifa anarudi ardhini na mifupa. Kwenye bandama yupo yi, wa fikra, yule anayechakata mambo kama tumbo linavyochakata chakula na akizidiwa unakuwa mtu wa kuwaza kitu kimoja usiku kucha. Kwenye figo yupo zhi, utashi, ule ukaidi mzuri wa kuendelea. Na kila mmoja ana kinachomtesa: moyo furaha iliyopitiliza, ini hasira, mapafu huzuni, bandama kuwaza, figo hofu.

Ukiisoma haraka inaonekana ngeni kweli, lakini jisikilize unavyoongea. Tunasema mtu ana moyo mkunjufu, mambo yametumbukia nyongo, tumbo joto, mtu wa karibu sana ni nyongo mkalia ini, mama anamwita mwanae maini yangu. Hakuna anayefikiria daktari akipasua ataukuta ukunjufu umekaa pale moyoni. Ni lugha ya kuonyesha mtu anavyoishi ndani ya mwili wake, na mimi naona Mswahili ana urahisi wa kuielewa hii kuliko Mzungu ambaye kwa karne kadhaa amefundishwa kwamba akili iko kichwani na mwili ni mashine. Tofauti ni kwamba Wachina waliichukua lugha ya namna hiyo wakaijengea mfumo mzima, na mfumo ukishajengwa unaanza kudai mambo ambayo methali haidai, nitarudi hapo.

Kitu kilichonikamata mimi ni mgongo. Pembeni ya uti wa mgongo, upana wa vidole vinne hivi kutoka katikati, kuna mstari wa vitobo unaoshuka kila upande, na ukisoma majina yake kutoka juu kwenda chini ni kama unapita mtaani unasoma vibao vya nyumba. Usawa wa mapafu kuna Mlango wa Po. Ukishuka, usawa wa moyo, kuna Ukumbi wa Shen. Chini zaidi Lango la Hun, alafu Makazi ya Yi, na kiunoni, pale unapojishika mgongo ukiuma, Chumba cha Zhi. Mlango, ukumbi, lango, makazi, chumba. Mtu aliyeyapa majina haya hakuwa anafikiria misuli. Vitabu vya chuoni vitakwambia kitobo fulani kinatibu kikohozi na kingine kinatibu kiuno, na ni kweli ndo vinavyotumika hivyo, ila mtu wa mkondo wa Kidao akiweka sindano pale anakwambia amebisha hodi.

Kwa hiyo ile ndoto. Kwenye mfumo huu hun mchana anatoka, yuko machoni, anapanga, anatamani, na usiku anatakiwa arudi kwenye ini alale ndani ya damu. Mtu asiyelala usiku, au anayelala mchana na mapazia yamefungwa kama nilivyokuwa mimi, hun wake anakuwa kama mtoto ambaye hajui saa ya kurudi nyumbani, anazurura, na ndoto zinakuwa nyingi, za kukimbia, za kupotea. Na mshipa wa nyongo, yaani njia ya chi ya nyongo ambayo ni ndugu yake ini, kwenye ramani yao unapita begani palepale ninapojishika. Mzee hakuwa ameacha bega kwenda kwenye ndoto, kwake yeye ilikuwa barabara moja yenye vituo viwili. Kuamini au kutoamini ni jambo lingine, ila angalau sasa nilielewa anachofanya.

Sehemu ambayo kwangu mimi ndo tamu kuliko zote ni kuhusu mkono wa anayechoma. Kitabu kikubwa cha tiba hii, Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2000 iliyopita kwa mtindo wa mfalme kumuuliza maswali waziri wake Qi Bo, kina sehemu inayosema wazi kwamba kila uchomaji lazima kwanza uwe na mizizi kwenye shen. Watu wanasoma hapo wanadhani ni shen ya mgonjwa tu. Lakini kitabu hichohicho kinamwambia daktari achome kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo refu, mkono kama umemkamata chui milia, na roho yake isiwe inashughulika na kitu kingine chochote. Fikiria kweli umemkamata chui milia, hapo utakuwa unawaza kodi ya nyumba? Sun Simiao, tabibu aliyefariki mwaka 682 na ambaye hadi leo ana masanamu kwenye mahekalu ya Kidao kama Mfalme wa Dawa, aliandika kwamba tabibu mkubwa kabla ya kutibu lazima atulize shen yake, aimarishe nia, aondoe tamaa, na asiangalie kama mgonjwa ni tajiri au fukara. Yaani sindano kwao ni waya tu, kinachopita kwenye waya kinategemea umeunganisha na nini. (Hapo na mimi nimeingia kwenye mifano ya umeme niliyosema inapotosha, basi vumilieni.)

Alafu kuna kule kufika kwa chi. Ukichomwa na mtu anayejua, sindano yenyewe ni nyembamba, robo ya milimita hivi, haiumi kama ya hospitali, lakini baada ya kuingia na kuzungushwa kidogo kuna kitu kinakuja, uzito, ganzi, kama mtu anakubonyeza kutokea ndani, na mara nyingine kinasafiri. Wanaita kupata chi. Mwenye sindano naye anakihisi kwa vidole vyake, na Dou Hanqing, bingwa wa karne ya 13, alikielezea kwa namna ambayo mvuvi wa mshipi wa Kilwa au Pemba hahitaji kufafanuliwa: chi ikifika ni kama samaki amemeza chambo, mshipi unazama na kuibuka, na kama haijafika ni kama umekaa peke yako kwenye ukumbi mtupu ulio kimya. Sijawahi kusoma maelezo ya kitabibu yenye ukweli wa mkononi kama hayo. Yule mzee wangu alichoma, akasubiri, akachomoa akasogea kidogo, akasubiri tena, uso wake ulikuwa uleule wa mtu wa mshipi ngalawani saa kumi na moja alfajiri.

Na hapa ndo Udao wa Laozi unaingia kwenye vidole. Zhuangzi, mwanafikra wao mwingine, ana kisa cha mchinjaji anayeitwa Ding. Mchinjaji wa kawaida anabadilisha kisu kila mwezi maana anakatakata hovyo, mzuri anabadilisha kila mwaka, Ding ametumia kisu kimoja miaka 19, ng'ombe maelfu, na makali bado kama yametoka kwenye jiwe. Anasema haangalii ng'ombe kwa macho, anakutana naye kwa shen, kisu kinapita kwenye nafasi zilizopo tayari katikati ya viungo, na akifika penye fundo anapunguza mwendo, anakuwa mwangalifu mpaka panaachia penyewe. Watu wa akupancha ya roho wanakipenda kisa hiki kuliko vyote, na ndo maana mara nyingi wanatumia sindano chache, tatu, nne, wakati kliniki nyingine utatoka umekuwa nungunungu.

Mpaka hapo ni sehemu safi. Sasa ile ambayo wauzaji wa mafungo ya kiroho hawaipigii sana debe. Udao wa hekaluni ulikuwa na mapepo. Mwaka 142 Zhang Daoling alianzisha huko Sichuan jumuiya ambayo ugonjwa ulihesabiwa kuwa matokeo ya makosa, mgonjwa akiwekwa chumba cha kimya akiri, makosa yanaandikwa nakala tatu, moja inapelekwa mlimani kwa ajili ya mbingu, moja inafukiwa ardhini, moja inazamishwa majini. Walikuwa pia wanaandika maneno matakatifu kwenye karatasi, wanaichoma, majivu yanatiwa kwenye maji, mgonjwa anakunywa. Mtu wa pwani hapa anatabasamu tu, maana kombe analijua, sahani imeandikwa aya kwa zafarani, inasuuzwa, unakunywa. Sisemi moja limetoka kwa lingine, binadamu tu popote alipo akiona neno lina nguvu anatafuta namna ya kulimeza. Na huyohuyo Sun Simiao mwenye maneno mazuri ya huruma aliacha orodha ya vitobo 13 vya mapepo kwa ajili ya watu waliorukwa akili, cha kwanza kiko kwenye kijimfereji kati ya pua na mdomo, kinaitwa Kasri la Pepo. Leo kitobo hichohicho kinabonyezwa mtu akizimia, jina lingine, pepo hatajwi.

Pepo alifukuzwa na nani? Na siasa. Akupancha iliwahi kudharauliwa huko kwao kwenyewe, mwaka 1822 mfalme Daoguang aliitoa kwenye taasisi ya tiba ya ikulu, na mwaka 1929 serikali ya China ya wakati huo, iliyokaa Nanjing, ilikuwa na pendekezo la kufuta tiba ya jadi yote ionekane China imestaarabika, likapingwa na waganga kwa maandamano likafa. Wakomunisti walipochukua nchi 1949 walikuwa na watu wengi na madaktari wachache, wakaamua wasiifute bali waioshe. 1956 vyuo vinne vikafunguliwa, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vitabu vikaandikwa upya, vitobo vikapangwa, na kwenye kuosha huko shen ikabaki kama jina la kazi za ubongo, hun na po wakawekwa pembeni kwa kunukia ushirikina. Hiyo iliyooshwa ndo iliyosambaa duniani, na ndo iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa binadamu mwaka 2010.

Wakati huohuo Ulaya kulikuwa na njaa ya upande mwingine. Watu waliochoka na makanisa yao lakini hawajachoka na roho wakaichukua hii akupancha wakaanza kurudisha kile Beijing ilichotupa. Uingereza aliyekuwa na sauti kubwa ni J.R. Worsley, aliyefariki 2003, aliyefundisha akupancha ya elementi tano, mti, moto, udongo, metali na maji, na kwamba kila mtu ana moja iliyolegea ambayo ukiishika nyingine zinafuata. Alikuwa na tiba ya kufukuza kilichomkalia mgonjwa pia, kwa hiyo pepo alirudi kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa suti. Mzee wangu alikuwa mwanafunzi wa mkondo huu.

Kwa hiyo je, ni ya Kidao kweli? Jibu langu ni ndiyo kwa mizizi, ila mti umepandwa upya. Kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kuchimbuliwa 1973, lilikuwa na maandishi ya mishipa 11 na namna ya kuichoma kwa majani ya moto, ila sindano hazimo kabisa. Zinakuja baadae, na mfumo wake ulijengwa pia na wafuasi wa Konfusio, mwanafikra mwingine wa Kichina, na makarani wa dola, ndo maana viungo vina vyeo kama baraza la mawaziri, moyo mfalme, ini jenerali. Mtu akikwambia tiba hii imeshuka kamili kutoka kwa watawa wa mlimani miaka 5000 iliyopita bila kuguswa, anapiga chuku, na sio ile ya kuumika damu.

Utafiti unasemaje? Hakuna aliyepasua mwili akaikuta ile mishipa ya chi kama anavyoikuta ya damu. Kwenye maumivu sugu kuna kitu, ila cha kushangaza ni kilivyo. Wajerumani walichukua wagonjwa 1162 wa mgongo wakachapisha matokeo mwaka 2007: kati ya waliochomwa kwenye vitobo sahihi waliopata nafuu ni asilimia 47.6, kati ya waliochomwa juujuu sehemu zisizo za vitobo ni asilimia 44.2, na kati ya waliopewa tiba ya kawaida ya hospitali ni asilimia 27.4. Anayeipenda akupancha anasoma namba ya kwanza na ya mwisho anashangilia, anayeichukia anasoma ya kwanza na ya pili anacheka. Mimi naona zote tatu zinauliza swali moja, nini hasa kilichotibu, na mtu wa Kidao hapo hatetereki sana kama unavyofikiria, maana vitabu vyake vilishasema kwamba utulivu, kugusa, na mtu kukusikiliza ni sehemu ya sindano. Ila hiyo pia ni njia rahisi ya kukwepa mtihani, lazima tuseme.

Na sio kila kitu kilichotoka kwa hawa Wadao kinategemea imani. Ge Hong, Mdao wa karne ya 4 aliyehangaika kutafuta dawa ya kuishi milele, aliandika tiba ya homa: chukua konzi ya majani fulani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Tu Youyou aliposoma kwamba mzee hakuyachemsha, akapata wazo la kukamua bila moto mkali, na hapo ikatoka artemisini na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Kama umewahi kuugua malaria ukapewa mseto, ile ya vidonge asubuhi na jioni kwa siku tatu, umeshatumia mabaki ya daftari la Mdao. Jani lenyewe ni jamaa ya pakanga yetu, na ndugu yake mwingine ndo yale majani makavu wanayoyasokota vichuguu vidogo kama punje ya mchele na kuyachomea juu ya kitobo, moksa.

Kwa mtu anayetaka kwenda: sindano ziwe mpya za kutupwa, pakiti ifunguliwe mbele yako, na ya kifuani au juu ya bega isizame sana maana mapafu yamewahi kutobolewa. Ukiwa mjamzito sema kabla hujalala kitandani, lile Bonde la Makutano la mkononi wenyewe hawalichomi kwa wajawazito. Dawa ya presha au sukari usiiache kwa sababu mtu amekwambia zhi yako imeamka. Suala la dini nimeulizwa sana, na nnachoweza kusema ni kwamba sindano yenyewe haikutaki usujudu popote, ila ukiona karatasi za maandishi na majina ya miungu yanaanza kutajwa hapo umeingia chumba kingine, amua mwenyewe na sheikh au mchungaji wako.

Mimi nilienda mara sita. Wiki ya pili nikahamishiwa shifti ya mchana, wiki ya nne bega likaachia, na siwezi kukuapia ni sindano, ni usingizi, au ni kupumzika kubeba maboksi. Ile ndoto nilikuja kumwambia mara ya tatu: nipo stendi ya Ubungo, basi linaondoka na begi langu, kondakta ananipungia. Alisikiliza, akauliza begi lilikuwa na nini, nikasema sijui, akanyamaza, akaniambia nilale kifudifudi akachoma mbili mgongoni usawa wa ini, pale kwenye lango. Mara ya mwisho akaniuliza tena, unaota nini siku hizi. Nikafikiria wee, nikamwambia sikumbuki mzee, nalala tu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nivue shati.